Shuu za breki ya mkono zilizolika kabla ya wakati: dereva, fundi au mchoraji?

Kwa nini kisa hiki

Breki ya mkono hukamata gurudumu ambalo tayari limesimama. Haikuwekwa kupunguza mwendo, kwa hiyo lainingi yake, yaani kitambaa kigumu cha msuguano kilichobandikwa kwenye shuu (vipande vya chuma vilivyopinda vinavyobana ngoma inayozunguka na gurudumu), haina sababu ya kulika haraka. Mara nyingi hubadilishwa kwa sababu imebanduka, imepasuka au imelowa mafuta ya ekseli, kabla unene wake haujapungua sana. Fundi akifungua ngoma na kukuta lainingi imebaki kama ganda la yai, tena kwenye gari ambalo halijafikisha kilomita 50,000, anatakiwa ashtuke. Lainingi hiyo ilikuwa ikisuguliwa gari likitembea, na kuna mtu au kitu kilichokuwa kikiisukuma kwenye ngoma.

Kisa hiki kinahusu jinsi karakana moja ilivyotafuta kitu hicho, ikaanza kwa kumlaumu mtu, ikaishia kwenye springi. Jina la taasisi, aina ya gari, mahali na watu wote vimeondolewa.

Magari na breki yenyewe

Taasisi ilikuwa na pikapu 22 za modeli moja, zilizonunuliwa kwa mafungu mawili: 14 kwanza, kisha 8 baada ya mwaka na ushei. Katika fungu la kwanza, 9 zilikuwa za gia za mkono na 5 za otomatiki. Zote zilifanya kazi ileile ya kubeba vifaa na watu, huku kwenye lami, kule kwenye barabara za vumbi na makorongo.

Magurudumu ya nyuma yalikuwa na breki za diski. Breki ya mkono ilikaa ndani ya kitovu cha diski hiyohiyo, ambacho kimechongwa kuwa ngoma ndogo. Ndani mna shuu mbili, ya mbele na ya nyuma. Kwa juu zinaegemea pini moja nene, na kila shuu ina springi yake ya kuirudisha kwenye pini hiyo. Kwa chini zimeunganishwa na skrubu yenye gurudumu la meno la kurekebishia. Ukivuta mkono wa breki, kebo inavuta wenzo (kipande cha chuma cha kusukumia) uliofungwa kwenye shuu ya nyuma, shuu zinatanuka na kubana ngoma. Ukiachia, kebo inalegea tu. Kazi yote ya kurudisha shuu mahali pake ni ya springi.

Kuna mambo mawili kuhusu mpangilio huu ambayo bila kuyajua kisa hakieleweki. La kwanza, haujirekebishi wenyewe. Breki nyingi za ngoma za kupunguza mwendo zina kifaa kinachofuata ulikaji wa lainingi, lakini hii haina, kwa sababu mchoraji, yaani aliyeisanifu, alidhani hakutakuwa na ulikaji wa kufuata. La pili, shuu ya mbele ikigusa ngoma wakati gari linakwenda mbele, ngoma huiburuta kuelekea chini, nayo huisukuma ya nyuma kupitia ile skrubu, na zote mbili zinazidi kujibana. Kwenye mteremko hilo ni jambo jema, maana mkono mwepesi unashika gari zito. Lakini shuu ikigusa kwa bahati mbaya, mguso mdogo hauishii kuwa mdogo.

Mambo yalivyokwenda

Gari la kwanza lilikuwa la gia za mkono, na lilikuwa limetembea kilomita 41,000 na kidogo. Dereva aliliegesha kwenye mteremko wa kupakilia, akavuta breki ya mkono, akaacha gia huru, akashuka. Wapakiaji walipokuwa wanaongeza mabomba ya chuma, gari likaanza kurudi nyuma taratibu hadi likagonga ukuta wa ghala. Hakuna aliyeumia. Bampa lilipinda na taa moja ikavunjika.

Karakana ilipovuta mkono wa breki, ulipanda hadi mwisho bila kukaza chochote. Gurudumu la nyuma la kushoto lilipofunguliwa, ncha ya juu ya shuu ya mbele haikuwa na lainingi hata kidogo. Chuma kilikuwa kimeshaanza kuchora mifereji kwenye ngoma. Ncha ya chini ya shuu hiyohiyo bado ilikuwa nene. Hakuna aliyeandika jambo hilo popote. Fundi mwanafunzi alipiga picha kwa simu, kwa sababu tu hakuwahi kuona ngoma ya namna ile.

Dereva akaitwa.

"Mzee, umekuwa ukitembea na hendibreki juu," mkuu wa karakana alimwambia.

"Bosi, ningetembea nayo juu, taa si ingewaka? Na gari si lingenuka?"

"Taa watu huizoea."

Barua ya onyo ikaandikwa. Shuu mpya zikafungwa, na gari akapewa dereva mwingine.

Haukupita muda mrefu mkono wa breki ukaanza tena kupanda juu. Safari hii hakukuwa na ajali, kwa hiyo hakukuwa na haraka. Gari lilipokuja sevisi, fundi aliingia chini, akakaza nati ya kebo, mkono ukarudi kukamata kwenye alama ya sita, kazi ikaisha. Ndivyo walivyokuwa wakifanya hata kabla ya ajali: kadi za kazi za gari hilo zilikuwa na maneno yaleyale mara tatu, "H/B inapanda, imekazwa" (H/B ni hendibreki), kwa mwandiko wa mafundi watatu tofauti.

Likafuata gari la pili la fungu la kwanza, nalo la gia za mkono, ambalo dereva wake alilalamika mwenyewe. Kisha la tatu likagundulika kwa bahati. Lilikuwa la otomatiki na lilikuja kubadilishiwa diski za nyuma. Diski zilipotoka, shuu zilikuwa zimefika chuma pande zote mbili. Dereva alipoulizwa kama breki ya mkono inashika, alijibu kwamba hajui, yeye huweka P, gia ya kuegeshea ya otomatiki.

Hapo mkuu wa karakana alisimamisha kazi nyingine na kutoa kadi zote za fungu hilo kwenye kabati.

Maamuzi, na kwa nini

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa usalama, na ulitangulia uchunguzi wowote. Kila pikapu ya modeli hiyo iliwekewa vipande viwili vya mbao vya kuzuilia tairi. Dereva akiegesha kwenye mteremko, aweke gia, ageuze magurudumu ya mbele ili gari likiponyoka liingie ukingoni, na tairi zizuiliwe kabla mtu hajapita nyuma yake. Kupakia huku gia ikiwa huru kulipigwa marufuku. Baadhi ya mafundi waliona hili ni kujipaka aibu, kwamba taasisi ina magari yanayozuiliwa kwa mbao. Mkuu wa karakana hakubishana nao.

Wa pili: nati ya kebo isiguswe kabla ngoma haijafunguliwa. Huu ndio uamuzi ninaouona kuwa wa thamani kuliko yote. Mkono unapanda kwa sababu mbili kubwa, ama kebo imenyooka, ama nafasi kati ya shuu na ngoma imeongezeka. Sababu ya pili hurekebishwa ndani, kwenye gurudumu la meno. Ukiirekebisha kwa kukaza kebo, unafanya mabaya mawili kwa pamoja: unaficha ulikaji, na unauvuta wenzo wa ndani utoke kwenye kituo chake, hivyo shuu zinabaki zimetanuka kidogo hata mkono ukiwa chini kabisa. Yaani dawa yenyewe inaongeza ugonjwa. Kwa gari la kwanza haiwezekani tena kujua ni kiasi gani cha ulikaji kilitokana na springi na kiasi gani kilitokana na nati.

Wa tatu ulikuwa kuhifadhi. Kila shuu iliyotolewa iliingia kwenye mfuko wake na kibandiko: namba ya gari, kushoto au kulia, mbele au nyuma, kilomita, tarehe. Shuu za gari la ajali zilikuwa zimeshatupwa. Ushahidi uliobaki wa gari hilo ni ile picha ya fundi mwanafunzi.

Wa nne ulizua mzozo. Mhasibu alitaka wakala aandikiwe mara moja kabla dhamana haijaisha. Mkuu wa karakana alitaka kwanza afungue magari yote 22, hata yasiyo na malalamiko. Ikakubaliwa zifanyike zote mbili, na barua ya kwanza ikatoka kabla ya vipimo. Matokeo yake nitayaeleza chini.

Kusoma lainingi

Lainingi mpya ilikuwa na unene wa zaidi kidogo ya milimita 3. Kila iliyotolewa ilipimwa sehemu tatu, juu, katikati na chini, badala ya sehemu moja nyembamba kuliko zote kama ilivyo desturi. Kipimo kimoja kinakuambia lainingi imeisha. Vipimo vitatu vinaanza kukuambia imeishaje.

Magari 10 kati ya 14 ya fungu la kwanza yalikuwa na sura moja. Shuu ya mbele imelika kwa mshazari: milimita 1 au pungufu juu, karibu 3 chini. Shuu ya nyuma imelika kidogo tu. Kushoto na kulia zinafanana. Ngoma haina rangi ya bluu ya kuungua, na uso wa lainingi haung'ai, umebaki na ukwaruo wake. Hiyo ni alama ya mguso mwepesi wa muda mrefu, na si ya joto kali.

Manne yaliyobaki yalikuwa na hadithi nyingine, na ni vizuri hayakulazimishwa kuingia kwenye kapu moja na wenzake. Mawili yalikuwa na kebo zilizokwama ndani ya ganda lake kwa kutu na matope: upande mmoja umelika sana, mwingine mzima. Moja lilikosa kizibo cha mpira kwenye tundu la kurekebishia, na ndani mlikuwa na mchanga wa kutosha kujaza kiganja. Lainingi imechimbika mistari, ngoma nayo vilevile. Na moja lilikuwa kweli limeendeshwa na breki juu. Ngoma zote mbili zilikuwa na madoa ya bluu, lainingi za shuu zote nne zimeng'aa kama zimepakwa vanishi na zina nyufa ndogondogo, na ulikaji umeenea uso mzima. Dereva wa gari hilo, tofauti na yule mzee, hakuwahi kupewa barua yoyote.

Magari 8 ya fungu la pili, mengine yakiwa yamefika kilomita 38,000 kwenye barabara zilezile, hayakuwa na ulikaji wa kupimika.

Majaribio

Sura ile ya mshazari ilionyesha kwamba ncha ya juu ya shuu ya mbele ilikuwa inaachana na pini gari likitembea. Kitu cha kuizuia ni springi ya kurudishia. Lakini kuonyesha si kuthibitisha, na kulikuwa na maelezo mengine matatu yaliyokuwa hai: madereva, kebo, na uwezekano kwamba lainingi za fungu la kwanza zilikuwa laini kupita kiasi.

Jaribio la kwanza halikuzaa kitu. Walinunua kipimajoto cha miale, wakawa wanapima kitovu cha diski baada ya safari, wakitarajia magari yenye tatizo yawe ya moto zaidi. Namba zilipanda na kushuka bila mpangilio. Sababu iko wazi ukiifikiria: kitovu na diski ni kipande kimoja, na joto la breki ya mguu linafunika kabisa joto dogo la shuu inayogusa. Kipimo hicho kingefaa kama mtu angeendesha umbali mrefu kwenye tambarare bila kugusa breki, jambo ambalo kwenye kazi zao halikuwezekana.

La pili ndilo lililofunga mjadala wa madereva. Magari matatu yalifungwa shuu mpya, yakarekebishwa ndani kama kitabu kinavyotaka, kisha kebo zikachomolewa kabisa nyuma. Yakarudi kazini bila breki ya mkono, yakitumia gia na mbao, na yakikatazwa kupangiwa kazi kwenye miteremko. Yalipofunguliwa baada ya kilomita 12,000 hivi, ncha za juu za shuu za mbele zilikuwa zimeshaanza kupungua. Hakuna dereva duniani anayeweza kula lainingi kwa mkono ambao haujaunganishwa na chochote. Kebo nayo ikaondoka kwenye orodha ya washukiwa.

Nasema wazi kwamba jaribio hili lilikuwa na hatari, na nisingependekeza lifanywe na karakana isiyoweza kudhibiti gari linapangiwa wapi. Wao waliweza kwa sababu magari yote yalikuwa chini ya mpangaji mmoja, na kila gari liliwekewa bango kwenye usukani.

Kabla ya jaribio la tatu, mtu wa stoo aligundua jambo ambalo lingeweza kugundulika siku ya kwanza. Springi ya shuu ya mbele ya fungu la pili ilikuwa na namba ya spea inayofanana na ya fungu la kwanza isipokuwa herufi ya mwisho. Kwa macho zilikuwa sawa kwa urefu na ndoano. Waya wa ile mpya ulikuwa mnene kidogo. Wakazining'iniza kwenye mizani ya kuvuta, wakazinyoosha hadi urefu zinaokaa kwenye gari: springi mpya ilihitaji nguvu kubwa kuliko ya zamani kwa karibu nusu nzima.

Basi wakabadilishana. Magari mawili ya fungu la kwanza yalipewa shuu za zamani na springi mpya. Mengine mawili yalipewa shuu kutoka kwenye boksi la fungu la pili na springi za zamani. Ulikaji ulifuata springi. Dhana ya lainingi laini nayo ikaondoka kwenye orodha.

Barua mbili

Barua ya kwanza kwa wakala ilikuwa ya hasira. Ilisema magari yana kasoro ya kiwanda, ni hatari, na taasisi inadai fidia. Haikuwa na kipimo hata kimoja. Jibu lilikuja la mistari minne: lainingi za breki ni spea zinazolika, hazimo kwenye dhamana, na ulikaji wa namna hiyo hutokana na kuendesha gari breki ya mkono ikiwa imevutwa.

Jibu hilo linaudhi, lakini halikuwa la kijinga. Wakala hupokea malalamiko mengi ya breki, na mengi kati yake kweli ni ya kulika kwa kawaida au kutumiwa vibaya. Barua haikumpa sababu ya kudhani hii ni tofauti.

Ya pili iliandikwa na mkuu wa karakana mwenyewe. Ilikuwa na jedwali la magari 22, vipimo vitatu kwa kila shuu, picha zilizopangwa kwa upande, maelezo ya jaribio la kebo, na namba mbili za spea zikiwa zimewekwa sambamba. Yale manne yenye sababu nyingine yalitajwa na kuondolewa kwenye madai. Neno "kasoro" halikuwemo. Badala yake kulikuwa na maswali mawili: kwa nini springi ilibadilishwa, na je, kuna taarifa ya kiufundi kwa mawakala kuhusu mabadiliko hayo?

Fundi mkuu wa wakala alikuja na kuitazama mifuko. Hoja yake ilikuwa moja, kwamba barabara mbovu hutikisa shuu. Mkuu wa karakana alikubali kwamba hutikisa. Kisha akamwomba aangalie shuu za fungu la pili, zilizotikiswa kwenye barabara hizohizo. Mgeni akasema ataandikia juu.

Matokeo

Baada ya miezi kadhaa wakala alibadilisha springi na shuu za magari yote yaliyokuwa bado kwenye dhamana, na kwa yaliyotoka alitoa spea bure huku kazi ikifanywa na karakana ya taasisi. Barua iliyoambatana iliita jambo hilo "uboreshaji." Swali la taarifa ya kiufundi halikujibiwa. Gharama ya bampa, taa na ukuta ilibaki kwa taasisi.

Magari yaliyofungwa springi mpya yamefunguliwa tena kwenye sevisi zilizofuata na unene haujabadilika kwa kiasi cha kupimika. Barua ya onyo ya yule mzee iliondolewa kwenye faili lake, na mkuu wa karakana alimwendea mwenyewe kumwambia.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kuliko vyote ni kwamba taasisi ilikuwa na magari mengi yanayofanana na ikayatumia hivyo. Mmiliki wa gari moja hana fungu la pili la kulinganisha nalo. Akiambiwa "unaendesha na breki juu" hana cha kuonyesha ila neno lake. Kwa mtu kama huyo njia iliyobaki ni kutunza spea zilizotolewa, kupima sehemu tatu, kupiga picha ngoma, na kutafuta wenye gari kama lake.

Kiasi gani cha mzigo kinategemea shuu hizi? Pikapu iliyojaa yenye uzito wa kilo 2,800, ikisimama kwenye mteremko wa asilimia 20, inavutwa chini na kani ya zaidi ya niutoni 5,000. Mteremko huohuo wa asilimia 20 ndio Kanuni namba 13-H ya Umoja wa Mataifa, inayohusu magari mepesi, inautaka ushikwe na breki ya kuegeshea gari likiwa na mzigo wake kamili, nguvu ya mkono isizidi niutoni 400. Lakini hicho ni kipimo cha gari jipya lenye shuu zilizorekebishwa. Hakisemi chochote kuhusu shuu hizo zitakuwaje baada ya kilomita 40,000, na ni hapo hasa ambapo magari haya yalifeli. Gari linaweza kupita mtihani wa kuidhinishwa kwa haki kabisa, halafu likafika mteremkoni bila lainingi.

Taa ya dashibodi ilimlinda dereva kwenye hoja yake na kumwangusha kwenye mteremko. Swichi yake iko kwenye mkono wa breki. Inajua mkono umeinuliwa, haijui kama gurudumu limeshikwa. Siku ya ajali iliwaka kama kawaida.

Magari ya otomatiki yanahitaji neno la peke yake. Gia P huingiza jino la chuma ndani ya giaboksi, na jino hilo linashika vizuri kiasi kwamba breki ya mkono iliyokufa haionekani. Kati ya magari 10 yenye ule ulikaji wa mshazari, 4 yalikuwa ya otomatiki, na hakuna dereva hata mmoja wa otomatiki aliyelalamika. Ukihesabu malalamiko, utasema tatizo ni la magari ya gia za mkono. Ukipima lainingi, utaona halibagui.

Mtego huo si wa taasisi hii peke yake. Mwaka 2008 Mahakama ya Juu ya jimbo la Arkansas, Marekani, ilikubali kesi dhidi ya General Motors iendeshwe kwa niaba ya kundi zima la wamiliki wa pikapu na magari makubwa ya familia yapatayo milioni 4. Madai yalihusu breki ya kuegeshea ambayo lainingi yake, kwa mujibu wa mlalamikaji, haikukaa huru ndani ya ngoma kwa sababu klipu ya springi iliyoishikilia ilikuwa na nguvu kupita kiasi. Moja ya manung'uniko yake ni kwamba taarifa ya awali ya kampuni kwa mawakala wake ilihusu magari ya gia za mkono tu. Kampuni ilikana, na uamuzi ule ulihusu kama kesi inaweza kuwa ya kundi, si kama kasoro ipo. Ninaitaja kwa sababu utendaji wake ni kinyume cha kisa chetu na dalili ni ileile: kule springi ilidaiwa kuzidi nguvu, huku ilipungua, na kote lainingi ikalika bila mkono kuvutwa.

Sasa swali gumu: hii ilikuwa kasoro ya usanifu? Nadhani ndiyo, lakini ushahidi wao unafika mahali unasimama. Springi dhaifu inaweza kuwa ilichorwa dhaifu, au ilichorwa vizuri ikatengenezwa vibaya kwa sababu ya waya mbaya au moto usiotosha kiwandani. Ya kwanza ni kosa la mchoraji na inagusa kila gari lenye springi hiyo. Ya pili ni kosa la uzalishaji na inaweza kugusa fungu moja tu. Walikuwa na pakiti moja ya springi za namba ya zamani ambayo haijafunguliwa. Walipoipima, nguvu yake ilikuwa sawa na ya zile zilizotolewa kwenye magari. Hilo linaelekeza kwenye mchoro, pamoja na ukweli kwamba mabadiliko yalipewa namba mpya, maana kiwanda kinachorekebisha kosa la uzalishaji hakina haja ya kubadilisha namba ya spea. Lakini pakiti moja ni pakiti moja. Mkuu wa karakana alifanya vizuri kuandika "springi za namba hii zina nguvu hii" na kuacha neno kasoro kwa wenye michoro.

Yaliyofeli ni mengi na ni ya kawaida. Kumuadhibu mtu kabla ya kupima. Kutupa shuu za gari la ajali. Mafundi watatu kuandika jambo lilelile kwenye kadi ambazo hakuna mtu anayezisoma kwa mfululizo. Kadi ya kazi ilikuwa risiti ya kazi iliyofanyika, haikuwa historia ya gari. Kumwandikia wakala kabla ya kuwa na cha kumwambia, ingawa namwelewa mhasibu: tarehe ya dhamana haisubiri. Barua fupi ya kusema "tumeona ulikaji usio wa kawaida kwenye magari haya, tunapima, tunaomba tarehe hii itambuliwe" ingemlinda bila kuwachokoza.

Kuna jambo moja ambalo hadi sasa halijakaa sawa. Sevisi zao sasa zina kipengele cha kujaribu breki ya mkono kwa kuvuta mkono, kuweka gia huru na kuachia breki ya mguu kwenye rampu ya karakana. Kipengele hicho kinafanyika gari likiwa tupu. Pikapu tupu kwenye rampu fupi hushikwa hata na shuu ambayo isingeshika mzigo wa mabomba, na mafundi wanaijaza fomu hiyo kwa alama ya tiki. Pendekezo la kupima unene kila diski za nyuma zinapotolewa, na kwa magari ya otomatiki angalau mara moja kwa mwaka, liko mezani kwa mhasibu.